Gome, Jani na Uzi: Namna ya Kujaribu Sanaa Mseto ya Vitambaa Itokanayo na Maumbile

Anayeanza sanaa hii kwa kawaida hurudi kutoka matembezini na mfuko uliofura: majani ya aina kumi, mbegu, manyoya, vijiti na kokoto mbili tatu, na kabla jua halijatua amekwisha kuvibandika vyote juu ya kipande kimoja cha kitambaa. Kinachopatikana hapo ni kumbukumbu ya matembezi, bado si kazi ya sanaa. Mwongozo huu unapendekeza njia ya kinyume, yaani kuchagua kitu kimoja tu, kukaa nacho muda mrefu, na kukipitisha katika mbinu kadhaa za kuchora, kusugua, kuchapa, kutia rangi na kushona, hadi uelewe kimejengwaje. Mfano nitakaourejea mara kwa mara ni gome la mti, kwa kuwa lina nyufa, tabaka, madoa na uvimbe, na kila kimoja kati ya hivyo kina mbinu inayokifaa katika kitambaa.

Kwa sanaa mseto ninakusudia kazi ambamo malighafi za aina tofauti hukutana: kitambaa, karatasi, rangi, uzi, waya na sehemu za mimea. Kuzipata malighafi hizo si kazi. Kazi ni kuzifanya zikae pamoja bila kuharibiana, maana rangi ya maji huchuja inapofuliwa, gundi hulainika chini ya pasi, na karatasi hupasuka mbele ya sindano.

Kutazama kabla ya kugusa

Kaa mbele ya mti uliouchagua ukiwa na daftari na penseli, kisha uchore michoro mitatu ya haraka: mmoja ukiwa hatua tano kutoka kwenye shina, wa pili ukiwa karibu kiasi cha kuligusa, na wa tatu kwa kutumia kioo cha kukuza. Michoro hiyo haihitaji uzuri wowote. Baada ya kuchora, andika orodha ya vitenzi vinavyoeleza hali ya gome, nawe utaona kwamba lugha yenyewe inakurahisishia kazi: gome limepasuka, limekunjamana, limebanduka, limechubuka, limetoboka. Kila kitenzi cha hali kina ndugu yake wa kutenda, na huyo ndiye mbinu yako. Kilichopasuka kwenye mti utakipasua kwa mkasi, kilichokunjamana utakikunja na kukivuta kwa uzi, kilichobanduka utakibandika kwa ukingo mmoja tu ili ukingo wa pili uachwe ukiinuka, na kilichotoboka utakitoboa. Nimejaribu kuanza kazi kwa picha na nimejaribu kuanza kwa vitenzi, na ninaona kwamba picha hunivuta kuiga sura ya mti, ilhali vitenzi hunilazimisha kufuata namna mti ulivyofanyika.

Unapokusanya, chukua vilivyokwisha kuanguka. Usibandue gome la mti ulio hai, kwa sababu chini yake kuna tishu zinazosafirisha chakula kutoka kwenye majani, na mti unaokatwa gome kuzunguka shina lote hufa. Waache pia kuvumwani, wale viumbe wanaojibandika kwenye mawe na magome kama madoa ya kijivu, ya kijani au ya njano. Baadhi yao, hasa wale walioshikamana kabisa na jiwe, hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kinachokwanguliwa kwa dakika moja kinaweza kuwa kimechukua miongo kadhaa kukua. Katika hifadhi na bustani za umma huenda hata kuokota kumekatazwa, basi uliza kwanza. Epuka mimea usiyoijua, na hasa yenye utomvu mweupe, kwani utomvu wa baadhi yake huunguza ngozi na kudhuru macho.

Majani utakayoyatumia yakiwa makavu uyabane kati ya karatasi zinazofyonza maji, chini ya vitabu vizito, kwa wiki mbili hadi tatu, ukibadilisha karatasi katika siku za mwanzo. Vijiti na mbegu huweza kuwa na wadudu wanaokula sufu na hariri, hivyo vifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uviweke katika friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki moja kabla ya kuvikaribisha mezani.

Kusugua gome

Mbinu ya kwanza haihitaji jiko wala dawa. Funga kitambaa chembamba cha pamba kuzunguka shina kwa kamba, kikiwa kimekazwa, kisha kisugue kwa ubavu wa kalamu ya nta au rangi ya mafuta ya kijiti, ukielekea upande mmoja. Matuta ya gome hujichora na nyufa hubaki wazi. Max Ernst, mchoraji aliyezaliwa Ujerumani, aliifanya mbinu hii kuwa sehemu ya sanaa ya kisasa mwaka 1925 alipoanza kusugua karatasi juu ya mbao za sakafu, lakini katika kitambaa ina faida ambayo karatasi haina: kitambaa hujikunja na kuufuata mviringo wa shina bila kuchanika.

Nta hukataa maji, na hapo ndipo majaribio yanapoanza. Ukipaka rangi nyepesi ya maji juu ya msuguo huo kabla ya kuupiga pasi, rangi itaingia katika nyufa pekee. Ukiupiga pasi kwanza, kati ya karatasi mbili zinazofyonza, nta itayeyuka na kuzama ndani ya nyuzi, na mipaka italegea. Fanya njia zote mbili kwenye vipande vidogo kabla ya kuamua.

Kuandaa kitambaa kipokee rangi

Kwa rangi za mimea, tumia nyuzi za asili, kwani poliesta huzikataa kwa kiasi kikubwa. Pamba na kitani ni selulosi (nyuzi za mimea), hariri na sufu ni protini (nyuzi za wanyama), na makundi haya mawili hayatendewi sawa. Pamba na kitani huchemshwa kwa moto mdogo, saa moja au zaidi, katika maji yenye magadi ya kufulia na sabuni kidogo, hata vitambaa vinavyoonekana visafi, kwa kuwa ndani ya nyuzi kuna nta na mafuta yanayozuia rangi. Maji yakigeuka rangi ya chai, usishangae. Sufu na hariri zisiguswe na magadi: zioshe taratibu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, na usihamishe sufu ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi huku ukiisugua, la sivyo magamba madogo ya nywele zake yatashikamana na kitambaa kitasinyaa daima.

Baada ya kuosha huja dawa ya kushikisha rangi. Inayofaa kuanzia ni shabu, ile chumvi ya madini (alum), ambayo hupimwa kwa uzito wa kitambaa kikiwa kikavu: kiasi cha asilimia 10 hadi 15 kinatosha, yaani gramu 20 hadi 30 kwa kitambaa cha gramu 200. Iyeyushe katika maji ya moto, uongeze maji mengine, utumbukize kitambaa kilicholoana tayari, kisha upashe polepole kwa saa moja bila kufikisha mchemko mkali, na ukiache kipoe humo humo. Sufu na hariri huipokea shabu moja kwa moja. Pamba na kitani huipokea vizuri zaidi vikilowekwa kwanza katika maji ya tanini, ile dutu kali iliyomo katika magome, maganda na majani, kwa mfano yaliyochemshwa kwa maganda ya komamanga au magome yaliyookotwa.

Dawa ya pili ni salfeti ya chuma, ambayo hutia giza: njano huwa kijani cha zeituni, na tanini huwa kijivu au nyeusi yenye ubuluu. Asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa kitambaa inatosha kabisa. Niliwahi kuizidisha kwenye kipande cha hariri kwa kupenda ule weusi wake, na baada ya miaka michache kitambaa kilianza kukatika pale pale nilipokikunja, kwa sababu chuma kikizidi huzidhoofisha nyuzi. Masufuria, vijiko na mizani ya kazi hii visirudi jikoni kamwe. Fungua madirisha, vaa glavu, na vaa barakoa unapopima unga.

Kuchapa majani kwa mvuke

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na pia ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa jani moja linaweza kuchapa vizuri leo na kukataa mwezi ujao, kutegemea umri wake, mvua na maji unayotumia.

Tandaza mezani kitambaa chenye shabu kikiwa na unyevu, lakini kisichotiririsha maji. Panga majani juu yake, upande wa chini wa jani ukigusa kitambaa, kwa sababu huko ndiko mishipa imetokeza na alama huwa wazi zaidi. Majani yenye tanini nyingi ndiyo ya kuanzia. Mikaratusi husifika kwa kutoa rangi za machungwa na nyekundu kwenye sufu na hariri, ingawa matokeo hutofautiana sana kati ya aina moja na nyingine. Ukitaka mipaka iliyokolea, chovya jani sekunde chache katika maji hafifu ya chuma, ulipanguse, ndipo ulilaze. Funika kwa plastiki nyembamba au kwa kitambaa cha pili, viringisha vyote kwenye kijiti kinene au bomba, kisha funga kwa kamba huku ukikaza kadiri unavyoweza. Kukaza huko ndiko kunakoamua. Jani lisilogusana na kitambaa huacha wingu badala ya alama, na nadhani zaidi ya nusu ya machapisho yaliyoniharibikia yaliharibika kwa uvivu wa mikono yangu kwenye kamba.

Weka bunda juu ya wavu ndani ya sufuria yenye maji chini, funika, na upike kwa mvuke saa moja na nusu hadi mbili, ukiongeza maji yanapopungua. Kisha ondoa sufuria motoni na usilifungue. Acha lipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake. Ukishafungua, ondoa majani, anika kitambaa kivulini, na ukiache siku kadhaa kabla ya kukisuuza kwa sabuni laini. Kamba nazo huacha mistari myeupe inayokatiza majani, na wengi huiona kama dosari. Kwa anayefanya kazi kuhusu gome, mistari hiyo ni nyufa zilizopatikana bure.

Njia nyingine tatu za kuchapa

Nyundo inamfaa asiye na jiko: jani bichi hulazwa juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye ubao mgumu, hufunikwa kwa utepe wa karatasi, kisha hugongwa kwa mapigo mepesi yanayopita kila sehemu. Ule ukijani unaovutia haudumu. Klorofili hufifia kuelekea njano na kahawia, kwa hiyo upange ukijua kwamba kitakachobaki ni kivuli cha jani.

Kutu huleta rangi ya machungwa iliyoungua ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Lowesha pamba kwa siki na maji kwa kiasi sawa, zungushia misumari au vipande vya chuma vyenye kutu, ufunge kwa plastiki na ukague baada ya saa 24. Ukiridhika na rangi, tumbukiza kitambaa katika maji yenye magadi kidogo ili kukata makali ya siki, kisha usuuze vizuri. Kutu nayo hula nyuzi na hufanya sindano ziwe butu, kwa hiyo itumie kwa madoa machache badala ya kitambaa kizima.

Ya tatu ni sayanotaipu, picha ya buluu iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, na ambayo Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alianza kuitumia mwaka 1843 kuchapisha maumbo ya mwani. Gramu 25 za feriki amonia sitreti huyeyushwa katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisayanidi katika mililita 100 nyingine. Vimiminika hivyo huchanganywa kwa kiasi sawa palipo na mwanga hafifu, hupakwa kitambaani na huachwa vikauke gizani. Jani huwekwa juu, kioo hulibana, jua hufanya kazi yake kwa dakika kadhaa, kisha maji safi huondoa dawa ambayo haikupigwa na jua. Usichanganye ferisayanidi na asidi kali wala kuipasha moto pamoja nayo, kwa kuwa gesi ya sumu inaweza kutoka. Kumbuka pia kwamba magadi na sabuni kali huifuta buluu hiyo, kwa hiyo kitambaa hiki kisitiwe katika beseni moja na kile cha kutu. Kikilowekwa katika maji ya tanini, buluu huelekea weusi, na maumbo ya majani yaliyobaki meupe hupata rangi ya mchanga.

Tabaka, gundi na sindano

Sasa una rundo la vipande: msuguo wa nta, majani ya mvuke, doa la kutu, pengine buluu. Usianze kushona. Vitandaze sakafuni, vitazame kutoka juu ya kiti, na uondoe theluthi moja. Kilichobaki kigawe kwa sauti: kipande kimoja kiongoze, vingine vikisikilize. Acha sehemu tupu, kwani jicho lisilopata pa kupumzikia huacha kutazama.

Utaratibu wa kazi unafuata kanuni ambayo sijapata sababu ya kuivunja, kwamba maji huja kabla ya gundi, moto huja kabla ya nta, rangi huja kabla ya uzi, na kilicho dhaifu huja mwisho. Yaani kila kinachohitaji kufuliwa au kupikwa kikamilike kwanza, kisha pasi, kisha rangi za akriliki na karatasi, kisha mishono, na mwisho kabisa mbegu, vijiti na majani makavu ambayo hayatavumilia tena kugeuzwageuzwa. Msuguo wa nta ulioachwa bila pasi basi uungwe baadaye, kama kiraka.

Karatasi ikabili sindano kwa msaada. Ibandike juu ya kitambaa chembamba kwa gundi ya wanga au gundi nyeupe iliyopunguzwa maji, iache ikauke, na utenganishe matundu kwa milimita 3 au 4, maana matundu yaliyokaribiana hugeuka kuwa mstari wa kuchania. Rangi ya akriliki ikiwa nene hukifanya kitambaa kigumu kama plastiki, hivyo paka nyembamba, au acha njia zisizopakwa mahali ambapo uzi utapita.

Katika kutarizi, rudi kwenye orodha yako ya vitenzi. Bandi, ule mshono rahisi wa kuingia na kutoka, unatosha kwa sehemu kubwa ya gome: mistari yake ikikaribiana huwa kivuli, ikiachana huwa mwanga, na uzi ukivutwa kidogo kitambaa hukunjamana chenyewe. Kwa matuta manene, laza uzi mnene au kamba juu ya kitambaa na uibane kwa mishono midogo ya uzi mwembamba, ukiiacha ipinde inapotaka. Kwa madoa ya kuvumwani, zungusha uzi mara mbili kwenye ncha ya sindano kabla ya kuirudisha chini karibu na ilipotokea, ili ubaki na kifundo kidogo. Songamanisha vifundo hivyo katikati na uvitawanye kuelekea pembeni, huku ukichanganya nyuzi za unene tofauti. Kwa gome lililobanduka, kata vipande vya kitambaa chenye majani yaliyochapwa, uvichambue kingo kwa kuvuta nyuzi, na ushone upande mmoja pekee. Usihesabu mishono wala kuisawazisha kwa rula, kwa sababu mkono unaojitahidi kuwa mashine huonekana haraka sana kwenye kazi ya namna hii.

Jani kavu linalotakiwa kuonekana zima hushonwa kwa kufunikwa: liweke chini ya kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani, kisha pitisha mishono kuzunguka ukingo wake bila kulitoboa. Kwa jani la mishipa mitupu, chemsha jani gumu katika maji yenye magadi ya kufulia kwa moto mdogo, kuanzia saa moja na kuendelea, lisuuze, na uondoe nyama yake kwa brashi laini hadi wavu wa mishipa ubaki. Ni kazi ya subira, na katika kila majani matano nategemea kupoteza mawili.

Daftari la majaribio na kipimo cha mwanga

Kila kipande cha jaribio kishonwe kwenye ukurasa wake pamoja na tarehe, aina ya nyuzi, uzito, kiasi cha dawa, jina la mmea na muda wa mvuke. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha jani, dawa na kitambaa kwa pamoja, matokeo mazuri hutaweza kuyarudia na mabaya hutajua yametoka wapi.

Kabla ya kuitoa kazi kwa mtu au kuitundika, kata kipande chembamba cha kila rangi uliyoitumia, funika nusu yake kwa karatasi ya alumini, na ukibandike kwenye dirisha linalopata jua kwa wiki nne. Rangi ya bizari ya manjano itakuwa imekimbia mapema. Ile ya chuma na tanini kwa kawaida itakuwa imesimama. Rangi zilizofifia zitumie katika daftari tu, au katika kazi zitakazokaa kivulini. Zilizosimama zishone kwa mishono iliyofichika juu ya kitambaa kizito kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, na ukiweka kioo, tia vipande vyembamba vya mbao pembeni ili kioo kisiguse nyuzi wala vile vipande vya gome vilivyoachwa vikiinuka.